Kigae Kisitoke Mahali Pake

Katika uwanda wa Iramba, mkoani Singida, mkulima anayefuata plau ya maksai mvua za kwanza zinapolainisha ardhi huibua vitu ambavyo hakuvipanda. Kigae chenye mistari ya kamba iliyosokotwa. Bonge jeusi, zito kuliko jiwe la ukubwa uleule. Nusu ya jiwe la kusagia lililolika katikati. Pande la udongo mwekundu ulioungua, lenye alama za fito upande mmoja. Wengi huvirusha pembeni, kwenye lundo la mawe mpakani mwa shamba, kisha kazi ikaendelea. Kwa mrusho huo mmoja, ushahidi wa nyumba nzima huweza kupotea.

Si kila mkulima hufanya hivyo. Mwaka 2020, wakati Uingereza imejifungia kwa sababu ya Uviko-19, familia moja ya wakulima katika jimbo la Rutland ilikuwa ikitembea kwenye shamba lake la ngano ikaona vigae visivyo vya kawaida. Wakatazama picha za satelaiti za shamba hilo, wakaona mistari iliyonyooka ndani ya mimea, mahali ambapo ngano iliota tofauti na kwingine. Hawakuleta trekta la kuchimbua. Waliwaita wataalamu wa mambo ya kale, na timu ya Chuo Kikuu cha Leicester ikafukua taratibu hadi kwenye sakafu ya nakshi ya vijiwe vya rangi, yenye urefu wa mita 11 na upana wa karibu mita 7, ikionyesha mapambano ya Akile na Hektori katika Vita vya Troya. Sakafu hiyo ilikuwa ya jumba la Kirumi la karne ya 3 au ya 4. Wakaipima, wakaipiga picha, wakaiandika, kisha wakaifukia tena ili ibaki salama.

Kitendo hicho cha kufukia tena ndicho kilichomgusa zaidi mwandishi wa makala haya alipoisoma habari hiyo. Watu walipata sakafu ambayo mfalme angejivunia, na bado waliona mahali pake bora ni palepale ilipolala.

Singida haina jumba la Kirumi, wala hakuna sababu ya kulitarajia. Ni kweli kwamba mabaharia wa dola ya Kirumi waliijua pwani yetu. Kitabu cha mwongozo wa biashara cha karne ya 1, Periplus, kinataja soko la Rhapta katika pwani ya Azania, na mwaka 1999 Profesa Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alichapisha habari za shanga za Kirumi zilizopatikana katika delta ya Rufiji. Huku bara, habari ni nyingine. Hata hivyo swali la yule mkulima wa Rutland linamhusu mkulima wa Kiomboi, Nduguti, Ikungi au Manyoni bila kupunguzwa hata neno: mtu ajuaje kwamba chini ya shamba lake kuna nyumba? Wapo wanaodhani kwamba kwa kuwa wazee wetu walijenga kwa miti na udongo, ardhi haikuhifadhi chochote. Mwandishi ameishi na mahame, yaani makazi yaliyohamwa, tangu utotoni, na anashuhudia kwamba dhana hiyo si kweli.

Alizaliwa Iramba miaka michache kabla ya Operesheni Vijiji. Mnamo Novemba 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba ifikapo mwisho wa 1976 wananchi wote wa vijijini wawe wanaishi katika vijiji vya pamoja. Familia yake ilihama pamoja na majirani wote wa kilima kile. Nguzo zilizokuwa bado nzima ziling'olewa zikabebwa, milango ikabebwa, vihenge vikabebwa, na tembe ikaachwa wazi. Ng'ombe hawakujua habari za operesheni; kwa miezi mingi walirudi wenyewe kwenye zizi la zamani, na watoto wakatumwa kuwafuata. Hivyo ndivyo alivyoiona nyumba waliyozaliwa baba yake na shangazi zake ikiingia ardhini, msimu baada ya msimu.

Tembe haifi ghafla. Ni nyumba ya nguzo na fito, iliyokandikwa udongo, na juu yake paa bapa la miti lililofunikwa tabaka nene la udongo. Nguzo zikianza kuliwa na mchwa, paa hulemea upande mmoja. Mvua ikipata tundu, huingia na kufungua lingine. Siku ikifika, udongo wote wa paa hushuka ndani na kufunika kila kilichoachwa sakafuni: mafiga, majivu ya mwisho, chungu kilichopasuka ambacho hakuna aliyeona haja ya kukibeba. Kuta nazo huyeyuka kwa nje. Baada ya miaka kumi mgeni huona kichuguu kirefu chenye nyasi. Baada ya thelathini haoni kitu, ila minyaa ya ule ua wa zamani ikiwa bado imesimama katika mstari, na ndani yake udongo wenye rangi tofauti kidogo na wa jirani. Tembe hujizika yenyewe kwa paa lake, na kwa kufanya hivyo huhifadhi sakafu yake vizuri kuliko nyumba nyingi za bati zitakavyoweza.

Bibi yake alipenda kupita pale akienda kuchanja kuni. Alikuwa akisimama mahali palipo wazi kabisa na kusema, "Usipite hapo, huo ni ukuta. Zunguka mlangoni." Mtoto alizunguka. Ramani ya kwanza aliyojifunza maishani ilikuwa ya nyumba isiyoonekana, na mwalimu wake hakuwa na kipande cha karatasi.

Miaka mingi baadaye, akifundisha historia katika shule ya sekondari ya kata, alikutana tena na jambo hilo katika muhtasari wa kidato cha kwanza. Wanafunzi hufundishwa kwamba akiolojia ni chanzo kimojawapo cha historia. Hukariri Olduvai, Isimila, Engaruka na Kondoa Irangi, na kwenye mtihani hujibu vizuri. Wengi wao hutoka darasani wakiamini kwamba mambo ya kale yapo mikoa mingine. Kwa maoni ya mwandishi, hasara hii ni kubwa kuliko ya kufeli mtihani, maana kijana anayeamini kwamba kwao hakuna kitu hawezi kukilinda kitu hicho akikiona.

Kwa hiyo akawapeleka kwenye mahame. Hawakubeba jembe wala sururu. Walibeba kamba, vigingi, daftari na penseli. Sharti lilikuwa moja: kuangalia na kuchora, bila kuokota. Mzee mmoja aliyezaliwa hapo aliwatangulia, akakaa juu ya jiwe chini ya mti.

"Shikamoo babu," wakaamkia kwa pamoja.

"Marahaba wajukuu zangu. Mmekuja kutafuta nini huku porini?"

"Tumekuja kutafuta nyumba, babu," akajibu msichana mmoja.

"Basi acheni kutafuta," mzee akasema. "Mmesimama ndani yake."

Walikuwa kweli wamesimama sebuleni. Kazi ya asubuhi ile ilikuwa kubahatisha kabla ya kuambiwa. Vijana waliona vigae vingi sana upande wa mashariki, wakakubaliana kwamba hapo ndipo palipokuwa jikoni. Mzee akatikisa kichwa: pale lilikuwa jaa, mahali pa kutupia takataka, na jiko lilikuwa kinyume chake kabisa, mahali penye vigae vichache na udongo ulioiva kwa moto. Somo hilo limo katika kila kitabu cha akiolojia, lakini hakuna kitabu kingeliingiza vichwani mwao kwa namna ile. Vitu vingi vilivyovunjika huonyesha mahali watu walipotupa; mahali walipoishi walipafagia.

Kisha mzee akawaonyesha zizi. Lilikuwa duara la ardhi yenye rangi ya kijivu, na mtama wa jirani aliyelima hadi ukingoni ulikuwa umepanda juu na kukolea kijani pale tu ulipoingia ndani ya duara. Samadi ya ng'ombe waliokwisha kuliwa zamani ilikuwa ingali ikilisha mazao. Watafiti waliochimba makambi ya wafugaji wa kale huko Narok, Kenya, walichapisha mwaka 2018 katika jarida la Nature kwamba alama ya zizi hudumu ardhini hata miaka 3,000, na kwamba majani mazuri yanayovuta wanyama wa porini katika sehemu hizo yalianza na samadi ya mifugo ya watu. Mstari wa ngano kule Rutland na duara la mtama kule Iramba ni habari ileile: mmea una mizizi, na mizizi hufika ambako jicho halifiki.

Kutoka hapo walipanda kwenye mgongo wa kilima cha pili, mahali ambapo hakuna mzee aliyekumbuka kuishi wala kusimuliwa kwamba babu zake waliishi. Minyaa haikuwapo tena. Lakini vijana walikuwa na macho mapya. Wakaona doa la udongo wa kijivu, wakaona majivu magumu yaliyochanganyika na vigae kwenye mteremko, wakasema wenyewe: zizi, jaa. Halafu mmoja akaita. Alikuwa ameinama juu ya mabonge meusi mengi pamoja, na kando yake vipande vya mirija minene ya udongo, vilivyogeuka kama kioo kwa joto kwenye ncha moja.

Yale yalikuwa mavi ya chuma, taka inayobaki mhunzi anapoyeyusha mawe ya madini kwenye tanuri la udongo. Mirija ilikuwa ya kupitishia hewa kutoka kwenye mivukuto kuingia katikati ya moto wa mkaa. Mahali palipo na vitu hivyo pamoja palifanyika kazi nzito: kuchoma mkaa, kubeba mawe, kuvukuta kwa zamu mchana na usiku. Tanuri la namna hiyo halijengwi na mpita njia. Lilijengwa na watu wenye makazi, wenye wateja wa majembe na mishale, wenye miiko yao ya kazi. Ni lini? Kwa macho tu haiwezekani kusema. Kipande cha mkaa kilichonaswa ndani ya bonge la mavi ya chuma kinaweza kupimwa umri kwa njia ya kaboni-14, na namna kigae kilivyonakshiwa humwelekeza mtaalamu kwenye zama fulani. Vigae vya Lelesu, vilivyopewa jina la mahali huko Usandawe, jirani kabisa na Singida, hutambulikana kwa nakshi zake kuwa kazi ya wafinyanzi wa mwanzo wa Zama za Chuma katika nyanda hizi. Lakini mkaa ule na kigae kile husema hayo vikiwa pamoja, mahali pamoja, tabaka moja. Kigae kilichobebwa mfukoni hadi nyumbani kimebaki udongo uliochomwa.

Thamani hii ya mahali ina mfano wake Kondoa, mwendo wa siku moja kwa gari. Mwaka 1956 Ray Inskeep alichimba pango la Kisese II, akaandika kina cha kila alichotoa, na vitu vikahifadhiwa katika Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam. Miongo mingi baadaye watafiti wengine walifungua maboksi hayo, wakapima maganda ya mayai ya mbuni, na mwaka 2018 wakatangaza kwamba shanga zilizochongwa kutokana na maganda hayo zina zaidi ya miaka 40,000. Inskeep alipokuwa akichimba hakuujua umri huo. Alichokuwa nacho ni uangalifu wa kuandika kila kitu kilitoka wapi.

Singida yenyewe haikosi kuchunguzwa. Katika miaka ya 1930 Mjerumani Ludwig Kohl-Larsen alizunguka bonde la ziwa Eyasi na nchi ya Isanzu akinakili michoro ya miambani, na mengi aliyoyakusanya yakaishia Tübingen, Ujerumani. Baada ya uhuru alikuja Mtanzania, Fidelis Masao. Katika utafiti wake wa Zama za Mwisho za Mawe na michoro ya miambani, uliochapishwa mwaka 1979, alichimba mapango ya Isanzu yakiwemo Kwa Mwango na Kirumi Isumbirira, katika eneo ambalo sasa ni wilaya ya Mkalama. (Kirumi hicho ni jina la kijiji cha watemi wa mvua wa Waisanzu, hakina undugu na Roma.) Makarius Itambu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ameandika juu ya michoro ya Siuyu na Misughaa, wilayani Ikungi. Hata ardhi ya zamani zaidi imesema: huko Mahenge, magharibi ya mji wa Singida, wajiolojia waliokuwa wakichunguza miamba ya almasi walikuta matope ya ziwa lililokuwapo takriban miaka milioni 46 iliyopita, ndani yake samaki, chura na popo. Samaki mmojawapo wanasayansi walimpa jina la Singida, mwaka 1967. Mkoa wenye samaki wa jina lake katika vitabu vya dunia unastahili kuwa na hata chumba kimoja cha makumbusho, na mwandishi haoni sababu ya kuliona jambo hilo kuwa anasa.

Adui wa haya yote ana jina linalojulikana kila kijiji: mali ya Mjerumani.

Hadithi yenyewe ina mzizi wa kweli, ndiyo maana haifi. Dhahabu ya mgodi wa Sekenke, ndani ya Iramba, ndiyo iliyotumika mwaka 1916 kupiga sarafu za dhahabu za rupia 15 mjini Tabora, zenye picha ya tembo, wakati Wajerumani wamezingirwa na hawapati fedha kutoka kwao. Mwezi Septemba mwaka huohuo majeshi ya Wabelgiji yaliiteka Tabora. Watu wakasema Mjerumani aliyekimbia haraka hakubeba vyote, na kila alama juu ya jiwe ikawa ramani. Mchoro wa twiga uliochorwa na wawindaji maelfu ya miaka kabla Mjerumani wa kwanza hajazaliwa ukageuzwa kuwa mshale unaoonyesha sanduku. Kondoa, ambako michoro imo katika Urithi wa Dunia tangu 2006, watafiti wameeleza mashimo ya wasaka hazina chini ya miamba yenye michoro.

Mwandishi ameliona shimo la namna hiyo chini ya jabali moja katika mkoa huu. Lilikuwa refu kuliko kimo cha mtu. Udongo wa tabaka zote ulikuwa umemwagwa nje pamoja: vipande vikali vya mawe meupe vilivyochongwa kuwa zana, mifupa, mkaa, vigae, vyote katika chungu kimoja ambacho mvua ilikuwa imeanza kukipeleka mtoni. Wachimbaji hawakupata dhahabu. Hakuna mtu atakayeweza kuzirudisha tabaka zile katika mpangilio wake, kwa elimu yoyote na kwa fedha yoyote. Kwa hasira aliyokuwa nayo siku ile, aliamua kwamba hatafundisha tena mada ya vyanzo vya historia bila kutaja shimo lile.

Sheria ipo. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, iliyorekebishwa 1979, inavilinda vitu vilivyotengenezwa na mikono ya watu kabla ya mwaka 1863 na majengo ya kabla ya 1886, na inakataza kuchimba bila kibali cha Mkurugenzi wa Mambo ya Kale. Lakini Mkurugenzi yuko mbali, na plau iko shambani. Tena siku hizi ardhi ya mkoa inafunguliwa kwa kasi ambayo wazee hawakuijua: bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima hadi Tanga linapita Singida, reli ya kisasa inapita Manyoni, wachimbaji wadogo wa dhahabu wanafungua maduara mapya, na alizeti imelifikia kila pori. Maendeleo haya yanahitajika; vijana wale wa kidato cha kwanza wanahitaji ajira. Miradi mikubwa kisheria hufanyiwa tathmini ya mazingira kabla ya kuanza. Shamba la ekari mbili halifanyiwi tathmini na mtu yeyote, isipokuwa mwenye shamba.

Ndiyo sababu yule mkulima wa Iramba ana uzito kuliko anavyodhani. Akiona vigae vingi mahali pamoja, au mavi ya chuma, au udongo wa ukuta ulioungua wenye alama za fito, au mtama unaojitenga kwa rangi katika duara, ana mambo machache ya kufanya na hakuna hata moja la gharama. Aviache vilipo. Apige picha kwa simu, ikiwezekana pamoja na mti au jabali litakalosaidia mahali patambulike. Ainue plau kwenye kipande hicho, au alime juujuu kwa jembe la mkono. Amwambie mtendaji wa kijiji na mwalimu wa historia wa shule iliyo karibu, ili habari ifike kwa ofisa utamaduni wa wilaya na Idara ya Mambo ya Kale. Na mtu akija usiku na kifaa cha kutafutia madini akidai anajua ilipo mali ya Mjerumani, asiruhusiwe kuingia.

Kuna jambo moja zaidi, na hilo halingoji ofisa. Kijana aliyekuwa na miaka 20 wakati wa operesheni mwaka 1974 sasa amepita 70. Yeye ndiye wa mwisho anayeweza kusimama kwenye nyasi tupu na kusema ukuta ulipita hapa, zizi lilikuwa pale, babu amezikwa kule. Ewe msomaji, kama una mzazi, babu au bibi wa namna hiyo, mwombe akupeleke kwenye mahame yenu kabla ya mvua zijazo. Beba daftari, chora anachokuonyesha, andika jina la kilima na la kila aliyeishi hapo, kisha peleka nakala moja ofisi ya kijiji na nyingine shuleni.